Tone Chini ya Lori: Kutafuta na Kurekebisha Uvujaji wa Oili katika Giaboksi

Utangulizi

Miongoni mwa hitilafu zinazoyapata malori katika barabara za Kenya, kuvuja kwa oili ya giaboksi ni mojawapo ya zile zinazodharauliwa mno. Breki zikilegea, dereva hulalamika siku iyo hiyo. Gurudumu likipasuka, safari husimama. Giaboksi ikivuja, lori huendelea kutembea kwa wiki na hata miezi, huku utingo akitwikwa jukumu la kuongeza oili kila baada ya siku kadhaa. Makala haya yananuia kueleza jinsi uvujaji huo unavyotokea, namna ya kukitafuta chanzo chake, na jinsi ya kuurekebisha katika malori yenye gia za kuingizwa kwa mkono. Hoja itakayojitokeza ni kwamba mahali tone linapodondokea si lazima pawe ndipo oili inapotokea, na kwamba fedha nyingi hupotea gereji kwa sababu watu huziba kabla ya kutafuta. Methali ya ufa na ukuta husemwa sana katika mazingira hayo, lakini haimwambii mtu azibe ufa upi.

Huenda msomaji akajiuliza mada hii inahusiana vipi na taaluma ya Kiswahili. Jibu ni kwamba Kiswahili ndicho chombo cha kazi yenyewe. Vitabu vya watengenezaji wa magari huja kwa Kiingereza au Kijapani, ilhali mazungumzo baina ya dereva, utingo, fundi na muuza vipuri katika Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wengi bado huiita Grogani, huendeshwa kwa Kiswahili chenye giaboksi, klachi, sili, gasketi, beringi na propela. Maneno hayo yametoholewa, naam, lakini kila moja lina mipaka yake. Sili ni pete ya mpira inayoikumbatia shafti inayozunguka ili oili isipite kando yake. Gasketi ni utando unaowekwa baina ya nyuso mbili za chuma zilizotulia na kukazwa kwa bolti. Anayeyachanganya maneno hayo mawili atanunua kipuri asichokihitaji, kwa kuwa tofauti yao ni tofauti ya kinachozunguka na kisichozunguka.

Oili hufanya nini humo ndani

Giaboksi ni sanduku la chuma cha kusubu au aluminiamu. Shafti moja huingia kwa mbele ikileta nguvu za injini kupitia klachi. Nyingine hutoka kwa nyuma ikizipeleka nguvu hizo kwenye propela, na kutoka hapo hadi kwenye magurudumu. Baina ya shafti hizo kuna gia za ukubwa mbalimbali. Katika giaboksi nyingi za malori madogo na ya wastani hakuna pampu ya oili. Gia za chini huogelea ndani ya oili na kuirusha juu zinapozunguka, na kwa njia hiyo beringi za juu hupata kulowa. Kwa hiyo kina cha oili kikishuka, sehemu za juu ndizo hutangulia kukauka, na dereva hawezi kujua kwa kuwa hakuna taa wala kipimo cha kumtahadharisha. Atakapoanza kusikia mvumo au kuona gia zikikataa kuingia, meno na beringi zitakuwa zimekwisha kulika.

Inafaa kulipima tone lenyewe. Kwa makadirio, matone 20 hufanya mililita moja. Lori linalodondosha tone moja kila dakika hudondosha matone 1,440 kwa siku, yaani takriban mililita 72. Katika wiki mbili, lita nzima imekwenda. Giaboksi ya lori dogo huchukua lita chache tu, hivyo lita moja si hasara ya kupuuzwa. Aidha, hesabu hiyo ni ya lori lililosimama; likiwa safarini oili huwa moto, nyepesi na yenye kurushwa kila upande, na uvujaji huongezeka.

Hata hivyo, hatari kubwa zaidi haimo ndani ya giaboksi bali jirani yake. Mbele yake kuna klachi, ambayo hufanya kazi kwa msuguano mkavu. Katika malori mengi madogo ya Kijapani, kama vile Canter na Isuzu NPR, nyuma yake kuna ngoma ya breki ya mkono. Breki hiyo haiko kwenye magurudumu kama ilivyo katika magari madogo; imefungwa pale shafti ya nyuma inapokutana na propela. Oili ikitoka mbele, klachi huteleza. Ikitoka nyuma, huingia ndani ya ngoma na kulowesha viatu vya breki. Lori la kabichi lililoegeshwa kwenye mteremko, breki yake ya mkono ikiwa imevutwa hadi mwisho, laweza kujiondokea lenyewe kwa sababu ya sili moja iliyochakaa. (Malori makubwa na trela hutumia breki za upepo zilizoko kwenye magurudumu, na hayapatwi na balaa hili.)

Kulisoma tone

Kiswahili kina vitenzi vingi vya kueleza jinsi kiowevu kinavyotoka mahali, na fundi anayevitumia kwa uangalifu huwa tayari ameanza uchunguzi. Kulowa si kutona, wala kutona si kuchuruzika. Vitabu vya ufundi vya jeshi la Marekani hugawa uvujaji katika ngazi tatu: ya kwanza ni unyevu usiofanya tone, ya pili ni tone linalojikusanya na kuning'inia bila kuanguka, ya tatu ni tone linaloanguka. Chombo kilicho katika ngazi mbili za kwanza kwa kawaida huruhusiwa kuendelea na kazi, mradi kina cha oili kikaguliwe kila mara; cha ngazi ya tatu hupelekwa kwa fundi. Mgawanyo huu wafaa kuigwa. Giaboksi iliyolowa jasho tu kwenye maungio yake baada ya miaka mingi ya kazi haihitaji kufunguliwa, na pengine kuifungua ndiko kutaiharibu. Mwenye lori anayeshauriwa kushusha giaboksi kwa sababu ya unyevu wa namna hiyo ana haki ya kuuliza maswali mawili matatu.

Swali la kwanza ni hili: kinachovuja ni nini? Chini ya lori mna viowevu vingi. Oili ya injini ya dizeli iliyotumika huwa nyeusi ti kwa masizi. Oili ya gia huwa nzito, rangi yake huelekea kahawia au manjano iliyofifia, na nyingi yake huwa na harufu kali ya salfa ambayo aliyeinusa mara moja hawezi kuisahau. Kiowevu cha klachi na breki ni chepesi kama maji, huteleza vidoleni na hubabua rangi ya gari. Kipande cha katoni kilichotandikwa chini ya lori usiku kucha hutoa ushahidi mzuri: huonyesha rangi, wingi na mahali tone lilipodondokea.

Swali la pili, ambalo ndilo hupuuzwa, ni: kimetoka wapi? Lori likiwa mbioni, upepo huisukuma oili kuelekea nyuma, na uzito wake huivuta chini. Matokeo yake ni kwamba giaboksi nzima huweza kulowa kwa sababu ya tundu dogo lililoko juu na mbele. Fundi anayelala chini na kutazama sehemu inayotona ataona kizibo cha kumwagia oili, kwa kuwa hicho ndicho kiko chini kabisa na kila tone hupitia hapo. Atakikaza. Kesho yake oili itatona pale pale, naye atakikaza tena, hadi hesi zake ziharibike na lori lipate uvujaji wa pili ambao halikuwa nao.

Njia iliyo bora haihitaji mitambo. Giaboksi husuguliwa kwa brashi na dizeli au mafuta ya taa hadi matope na grisi vitoke, kisha hupanguswa na kuachwa ikauke kabisa. Baadhi ya mafundi huinyunyizia poda au unga wa chaki. Lori huendeshwa kilomita chache, kisha hukaguliwa kwa tochi. Juu ya weupe ule oili huchora njia yake yenyewe, na sehemu ya juu kabisa iliyolowa ndiyo inayoshukiwa. Saa moja ya kuosha huokoa siku nzima ya kufungua.

Uchunguzi huo mara nyingine huishia mahali pa gharama ndogo: pete ya kizibo iliyochakaa, swichi ya taa za kurudi nyuma, kifaa cha kupimia mwendo, kifuniko cha mtambo wa kuinulia bodi katika tipa, au bolti inayopenya hadi ndani ya sanduku na kurudishwa bila kupakwa gundi ya kuzibia. Ufa wa sanduku lenyewe, ambao hutokana na jiwe au jeki iliyowekwa pasipofaa, ni kazi ya mchomeleaji, na ikiwa ni aluminiamu, si ya kila mchomeleaji.

Tundu la kupumulia

Kabla ya kununua sili yoyote kuna kifaa kimoja cha kukaguliwa, nacho ni kidogo kuliko kidole gumba. Juu ya giaboksi mna tundu la kupumulia lenye kifuniko, na katika baadhi ya malori huunganishwa na mpira mwembamba unaopanda juu. Kazi yake ni kuruhusu hewa iingie na kutoka. Hewa iliyofungiwa ndani ya chombo, ikipashwa moto kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 90, shinikizo lake huongezeka kwa takriban asilimia 20. Tundu likiwa wazi, hewa hiyo hupumua na mambo huishia hapo. Likizibwa na tope na vumbi, hewa hutafuta njia nyingine, na njia iliyo rahisi ni kwenye midomo ya sili, ikitoka pamoja na oili.

Jiografia ya Kenya huliongezea tatizo hili uzito. Lori linalotoka Mombasa, ambako barabara iko karibu na usawa wa bahari, na kupanda hadi Timboroa, takriban mita 2,700 juu, hufika mahali ambapo shinikizo la hewa ya nje limepungua kwa zaidi ya robo. Giaboksi iliyozibwa pumzi Mombasa hufika huko ikiwa imetuna kwa ndani mara mbili: kwa joto la kazi na kwa wepesi wa hewa ya nje. Dereva akisema kwamba lori lake huvuja zaidi linapopanda bara kuliko linapokaa pwani, haimpasi fundi kumcheka.

Upimaji wake ni mwepesi. Lori likitoka safarini, tundu husafishwa kwa nje na kupulizwa. Ikiwa kifuniko chake hakichezi au hewa haipiti, jawabu limepatikana. Dalili nyingine ni mlio wa hewa inayofyonyoka kizibo cha kujazia kinapolegezwa, ingawa hilo lapasa kufanywa taratibu kwa kuwa oili huwa moto. Yapo malori yaliyobadilishwa sili mara mbili, mara tatu, na kila mara sili mpya ikalaumiwa kuwa bandia. Ni kweli kwamba vipuri bandia vimejaa, lakini hata sili halisi haiwezi kushindana na shinikizo ambalo haikuundwa kulizuia.

Kubadilisha sili ya nyuma

Ikiwa tundu ni zima na alama za oili zinaelekea kwenye shafti ya nyuma, kazi inaweza kufanywa bila kushusha giaboksi. Hapa kuna hatari moja isiyodhihirika kwa urahisi. Katika lori ambalo breki yake ya mkono iko nyuma ya giaboksi, propela ikifunguliwa, hakuna kinachoyaunganisha magurudumu na breki hiyo wala na gia. Hata lori likiachwa katika gia ya kwanza, breki ikiwa imevutwa kabisa, laweza kubiringika. Kwa hiyo magurudumu huwekewa kabari mbele na nyuma, kwenye sakafu tambarare, kabla ya bolti ya kwanza kuguswa. Tena, hakuna anayeingia chini ya lori lililoshikiliwa na jeki peke yake. Stendi za chuma ni lazima.

Flanji ya propela na ile ya giaboksi huwekewa alama ya rangi ili zirudishwe zilivyokuwa, kwani propela ikigeuzwa huweza kuleta mtetemo. Baada ya propela kutolewa, fundi aishike flanji kwa mikono miwili na kuitikisa juu na chini. Huu ni mtihani wa nusu dakika na ndio unaoamua thamani ya kazi yote inayofuata. Ikiwa shafti inacheza, beringi ya nyuma imekwisha, na sili mpya italiwa na shafti inayoyumba katika muda mfupi. Hapo mwenye lori hana budi kuambiwa ukweli, hata kama alikuja na bei ya sili pekee mfukoni.

Ikiwa haichezi, nati ya kati hufunguliwa, ngoma na flanji hutolewa, na sili ya zamani hung'olewa kwa uangalifu ili nyumba yake isikwaruzwe. Kisha flanji hukaguliwa pale mdomo wa sili unapogusa. Ukucha ukipitishwa juu yake na kunasa kwenye mfuo, hicho ndicho chanzo cha pili cha sili mpya kuvuja: mpira, pamoja na vumbi lililonaswa ndani yake, umeichonga chuma kwa miaka. Tiba ni kubadilisha flanji, au kuivika pete nyembamba ya chuma, yenye unene wa kama robo ya milimita, inayofunika mfuo huo. Wapo pia wanaoisukuma sili mpya mbele au nyuma kidogo ili mdomo wake uguse mahali pasipochongwa. Mbinu hiyo hufaa, mradi nyumba ya sili ina nafasi ya kutosha.

Sili ina mdomo wenye springi nyembamba kwa ndani, na upande huo ndio huielekea oili. Ikigeuzwa, itavuja siku ya kwanza. Mdomo hupakwa oili safi kwanza, maana mpira mkavu juu ya shafti inayozunguka huungua kabla oili haijaufikia. Sili huingizwa kwa kipande cha bomba chenye kipenyo kinacholingana nayo, kwa kugongwa polepole kuzunguka pande zote. Kuigonga upande mmoja kwa nyundo huipinda. Nati hukazwa kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, na ikiwa ni ya aina inayofungwa kwa kupondwa ukingo, huwekwa mpya. Viatu vya breki vilivyonywa oili havifuliwi kwa petroli na kurudishwa. Oili huwa imekwisha kupenya ndani, na joto la kwanza litaileta juu tena. Hubadilishwa, na ngoma huoshwa.

Sili ya mbele

Oili inayotona kwenye tundu lililo chini ya nyumba ya klachi huzua utata, kwa sababu yaweza kuwa imetoka kwenye sili ya nyuma ya injini au sili ya mbele ya giaboksi. Hapa ndipo rangi na harufu zilizotajwa awali huwa na thamani. Klachi iliyolowa hujulikana kwa mlio wa injini kupanda ilhali lori haliongezi mwendo, pamoja na harufu ya kuungua kwenye mlima. Kwenye mteremko mkali kama ule wa Salgaa, klachi inayoteleza huwa na maana nyingine nzito zaidi: injini haiwezi tena kulizuia lori kikamilifu, na mzigo wote huziangukia breki.

Kazi hii hulazimu kushusha giaboksi. Ya lori la wastani huweza kupita kilo 100, na ya trela huweza kupita kilo 250, kwa hiyo jeki ya giaboksi si anasa. Giaboksi isiachwe ining'inie kwa shafti yake ndani ya sahani ya klachi, kwani sahani hupinda. Kwa kuwa imekwisha kushushwa, ni busara kubadilisha sili ya mbele na sili ya nyuma ya injini kwa pamoja, na kuikagua beringi ya klachi. Gharama kubwa hapa ni ya kushusha na kupandisha, si ya mpira. Sahani iliyolowa oili hubadilishwa kwa sababu ile ile ya viatu vya breki. Silikoni inayotumiwa kwenye maungio ipakwe kwa uzi mwembamba juu ya nyuso safi na kavu. Inayofura kwa ndani hukatika na kuogelea katika oili.

Oili ya kujazia

Oili ya zamani inapomwagwa, kizibo chenye sumaku husimulia hali ya ndani. Uji laini wa kijivu ni wa kawaida. Vipande vinavyohisika kwa vidole ni habari nyingine, na lori la namna hiyo lina tatizo kubwa kuliko uvujaji.

Uchaguzi wa oili hutegemea kitabu cha lori husika, si mazoea ya duka. Oili yenye alama ya GL-5 ina kemikali nyingi zaidi za kuhimili mgandamizo kuliko ile ya GL-4, na baadhi ya kemikali hizo huweza kuzidhuru pete za shaba ya manjano zinazolinganisha kasi za gia. Zipo pia giaboksi, zikiwemo baadhi za Isuzu, ambazo mtengenezaji huagiza zitiwe oili ya injini. Dawa za chupa zinazodaiwa kuzuia uvujaji hulainisha na kuutunisha mpira mkavu kwa muda; zaweza kumfikisha mtu nyumbani, lakini hazijazi mfuo wala hazifungui tundu lililozibwa.

Oili hujazwa lori likiwa limesimama sawasawa, hadi ianze kutiririka kwenye ukingo wa tundu la kujazia lililo ubavuni. Kuzidisha, kwa kuinua upande mmoja wa lori ili iingie nyingi, huleta uvujaji mpya kupitia tundu la kupumulia. Baada ya hapo lori huendeshwa kilomita 20 au 30, hurudishwa, huachwa lipoe, na kukaguliwa tena kwa tochi na katoni. Breki ya mkono hujaribiwa kwenye mteremko mdogo, utingo akiwa ameshika kabari karibu na gurudumu, kabla ya lori kupakiwa mzigo.